Chaja Ikichemka, Tafuta Joto Liko Wapi

Chaja ya laptopu lazima ipate joto. Boksi jeusi lililo katikati ya waya linapokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuushusha hadi volti 19 au 20, na katika kushusha huko kuna kiasi kinachopotea. Chaja ya wati 65, ambayo ndiyo iliyozagaa maofisini na vyuoni kwetu, hupoteza kama wati saba au nane ikiwa kazini kwa nguvu zote, na zote hugeuka joto ndani ya boksi lisilo na feni wala tundu la hewa. Kwa hiyo mtu akija na malalamiko kwamba chaja yake inachemka, bado hajasema kitu. Inachemka wapi? Joto la boksi, joto la plagi na joto la kile kichwa kinachoingia kwenye laptopu ni mambo matatu mbalimbali, na la boksi, linaloogopwa kuliko yote, mara nyingi ndilo lenye udhuru.

Kuna hali ambayo haisubiri uchunguzi, na afadhali tuimalize kwanza. Plagi imebadilika rangi, waya umelainika, unasikia mlio kama mafuta yanayoruka kwenye kikaango, au kuna harufu. Harufu yenyewe huwapoteza watu, kwa sababu haiji kila mara kama plastiki inayoungua. Baadhi ya plastiki za plagi, soketi na swichi zikizidiwa na joto hutoa shombo ya samaki, na ukiwa Pwani utamlaumu jirani kwa kitoweo chake huku ukuta wako ndio unaoungua. Shombo isiyo na samaki, inayokuja na kupotea, ifuate hadi uipate.

Ukishaipata, zima swichi ya soketi kabla ya kugusa kitu kingine. Usianze kwa kuchomoa kichwa kwenye laptopu, na usiivute plagi iliyolainika ikiwa bado ina umeme, maana ganda linaweza kuja mkononi na pini zikabaki ukutani. Kama soketi haina swichi, au swichi yenyewe ndiyo inayonuka, nenda ukazime swichi kuu. Laptopu itaendelea kwa betri yake na kazi yako haitapotea. Umeme ukishakatwa ndipo uchomoe, uiweke chaja kwenye saruji au vigae, mbali na mkeka na pazia, ipoe. Maji yasiguse chochote ambacho bado kina umeme. Kizimamoto cha poda kavu au cha gesi ya kaboni dayoksaidi ndicho kinachofaa, na mchanga mkavu ukikosa hivyo. Moto ukishashika pazia au godoro, achana na chaja na laptopu, toa watu nje, upige 114 kama uko Tanzania au 999 kama uko Kenya.

Sasa turudi kwa wale ambao chaja zao hazijafika huko.

Laptopu ikiwa imetumika kama saa nzima huku betri ikijaa, lishike boksi kwa kiganja. Ukiweza kuendelea kulishika, hata kama halina raha, hilo ni joto la kazi. Ukijikuta umeliachia mara moja bila kutaka, joto limezidi. Kabla hujailaani chaja, angalia kwanza imelala wapi. Kwenye mabweni ya vyuo mahali pake pa kawaida ni kitandani, katikati ya shuka na ukingo wa chandarua, wakati mwingine chini ya mto ili taa yake isimsumbue mwenzako. Godoro la sponji halipitishi joto. Wati nane zinazokosa pa kwenda hupandisha joto la boksi dakika hadi dakika, na chandarua cha nailoni au poliesta ni kitu cha mwisho unachotaka kiwe karibu nalo. Liweke sakafuni au juu ya meza tupu, subiri nusu saa, lishike tena. Wengi ugonjwa wao unaishia hapo.

Usipoishia hapo, soma kibandiko. Maandishi ni madogo kwa makusudi, nadhani, lakini unayatafuta mawili tu. Neno OUTPUT linafuatwa na volti na ampea: 19.5V na 3.33A, kwa mfano. Zidisha moja kwa nyingine, unapata wati 65. Kisha geuza laptopu yako uangalie chini yake inataka nini. Laptopu yenye kadi kubwa ya michezo au ya kuhariri video inaweza kutaka wati 130 na kuendelea, nawe umeifungia chaja ya wati 65 uliyoazima kwa sababu kichwa kiliingia. Chaja hiyo itafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake muda wote. Kinyume chake hakina shida: chaja ya wati 90 kwenye laptopu ya wati 65 haileti madhara, kwa kuwa laptopu huvuta kile inachohitaji tu. Bado kuna wauzaji wanaoogopesha wateja kwamba ampea nyingi zitaunguza mashine. Zinazounguza ni volti. Ampea zikizidi ni akiba.

Sababu nyingine ya boksi kuchemka iko nje ya nyumba yako kabisa. Kwenye kibandiko hicho hicho, neno INPUT linafuatwa na 100-240V, na watu hulisoma kama ahadi kwamba chaja haijali umeme mdogo. Inajali. Wati zinazotakiwa na laptopu ni zile zile, kwa hiyo volti zikishuka chaja hufidia kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Mtaa ulioshuka kutoka volti 230 hadi 160 saa mbili usiku, friji na pasi zote zikiwa kazini, unailazimisha chaja kuvuta mkondo unaokaribia mara moja na nusu ya ule wa mchana, na joto la ndani linapanda nao. Chaja iliyokuwa vuguvugu asubuhi inakuwa ya moto usiku bila kitu chake chochote kuharibika. Dalili utaiona kwingine: taa zinafifia, feni ya dari inazunguka kwa uvivu. Saa hizo tumia betri, chaji baadaye. Wanaotumia inveta za bei nafuu kwenye mitambo ya jua wanakutana na jambo la jamaa moja na hili. Umeme wake hauna mawimbi laini kama ule wa gridi, na chaja nyingine huunguruma na kuchemka zikiunganishwa nao. Ikiunguruma kwenye inveta na ikanyamaza kwenye umeme wa kawaida, jibu umelipata.

Chaja inayochemka ikiwa juu ya meza, volti ziko sawa, wati zinatosha, na laptopu haifanyi chochote kizito, hiyo imechoka ndani. Kwangu mimi hiyo haina tiba, na nitaeleza kwa nini nikifika kwa fundi.

Joto la plagi ndilo ninaloliogopa. Plagi ya laptopu haina sababu ya kupata moto, kwa kuwa mkondo unaopita pale haufiki hata ampea moja. Ukizima swichi na kuchomoa baada ya saa nzima ya matumizi, pini zinatakiwa ziwe baridi au vuguvugu kidogo. Zikiwa za moto, kuna mguso mbovu mahali fulani: chuma kinagusana na chuma kwa ncha tu, na umeme unajipenyeza kwa shida. Chunguza kwa kubadilisha. Peleka chaja ile ile kwenye soketi ya chumba kingine. Joto likihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Joto likibaki kwenye soketi ya kwanza hata ukichomeka kitu kingine, mwite fundi umeme aifungue soketi, na usiitumie mpaka aje. Pwani tuna ubaya wa ziada, kutu ya hewa ya chumvi, ambayo huacha unga wa kijani kwenye shaba za soketi za zamani.

Na kuna mtindo wetu wa kalamu. Soketi zetu za pini tatu, za muundo wa Uingereza, zina vifuniko vya ndani vinavyofunguliwa na ile pini ndefu ya juu. Mtu anapata chaja iliyokuja na plagi ya Ulaya ya pini mbili za duara, anachukua mfuniko wa peni, anasukuma tundu la juu, vifuniko vinafunguka, anapenyeza plagi yake kwa nguvu. Taa inawaka, ameshinda. Lakini tundu zile zimetengenezwa kubana pini bapa. Pini ya duara inaning'inia ndani kwa kugusa upande mmoja. Hapo ndipo zinatokea zile alama za kahawia kuzunguka tundu ambazo kila ofisi ya serikali ninayoingia huwa nazo angalau ukuta mmoja. Badala ya peni, nunua waya mpya wa plagi ya pini tatu. Kwenye chaja nyingi waya wa upande wa ukutani huchomoka kwenye boksi, na bei yake haifiki popote ukilinganisha na boksi.

Plagi ikichemka ikiwa kwenye ekstensheni, usiwe mwepesi wa kuilaumu chaja. Angalia majirani zake. Pasi ina wati elfu moja na zaidi, birika la umeme linaweza kufika elfu mbili, na ekstensheni nyingi zina nyaya nyembamba zisizostahimili hata kimoja kati ya hivyo kwa muda mrefu. Chaja iliyo pembeni inapata joto la kuazima. Vitenge vya Jumapili vinyooshwe kwenye soketi ya ukutani.

Waya huo wa upande wa ukutani ndio ulioziponza kampuni kubwa. Agosti 2014 HP iliwataka wateja wa Marekani na Kanada warudishe nyaya karibu milioni sita zilizouzwa na laptopu zake kati ya 2010 na 2012, kwa sababu zilikuwa zikichemka hadi kuyeyuka. Boksi halikuwa na kosa. Desemba mwaka huo Lenovo nayo ikaita nyaya za aina hiyo hiyo. Alama yake ni maandishi LS-15 yaliyochorwa kwenye plastiki ya kichwa chenye vitundu vitatu kinachoingia kwenye boksi. Nalitaja hili kwa sababu laptopu za mtumba tunazonunua Kariakoo au River Road zimetoka huko huko, na nyaya zake hutupwa zote kwenye boksi moja la katoni, ukiambiwa uchague. Ukichagua, tazama maandishi hayo.

Microsoft nayo, mwanzoni mwa 2016, iliita nyaya zaidi ya milioni mbili za Surface Pro. Kosa lake lilikuwa kwamba ukiuzungusha waya kwa kuubana, ukaukunja na kuufinya mara kwa mara, uliharibika ndani na kuchemka. Kwa waya wa chaja yoyote, zungusha pete pana zilizolegea, na usiufunge kwa kulizungushia boksi hadi ukakaza.

Sasa kichwa kinachoingia kwenye laptopu. Volti hapa ni ndogo, kwa hiyo hakitakupiga shoti ya kutisha, lakini mkondo ni mkubwa: ampea tatu na zaidi zikipita kwenye pini nyembamba. Mguso ukilegea ukazaa ukinzani wa nusu omu tu, zaidi ya wati tano zinaishia pale pale. Boksi lenye ukubwa wa kipande cha sabuni linahangaika na wati nane. Hapa tano zimejikusanya mahali pasipojaa ncha ya kidole. Ndiyo maana plastiki ya tundu la laptopu hubabuka kwanza, kabla boksi halijaonyesha dalili yoyote. Ukichomoa ukakuta kichwa kinachoma, au pini ya katikati imekuwa nyeusi, usiendelee kukichezesha mpaka ukipate upande unaochaji. Kila unapokichezesha cheche ndogo zinaruka ndani na kulila tundu la laptopu yenyewe, na kubadilisha tundu ni kufungua mashine.

Shingoni, pale waya unapoingia kwenye kichwa, ndipo nyuzi zinapokatika moja moja. Ganda la nje linaweza kuwa zima kabisa. Pinda polepole huku ukiitazama alama ya betri kwenye skrini: ikiwaka na kuzima, nyuzi zimebaki chache, na hizo chache ndizo zinazobeba mzigo wote na kuchemka. Dawa ya mtaani ni tepu nyeusi, tabaka juu ya tabaka mpaka shingo inavimba. Tepu haiungi nyuzi zilizokatika. Inazuia tu joto lisitoke na macho yasione.

Hapa fundi ana kazi halali. Anaweza kukata sehemu mbovu na kuunga waya mpya wenye kichwa chake kwa risasi, mradi uwe na unene ule ule au zaidi, na kiungo kifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kwa chaja za HP na Dell kuna waya wa tatu, mwembamba, unaoishia kwenye pini ya katikati. Ndio unaoitambulisha chaja kwa laptopu. Fundi akiuruka, laptopu itawaka lakini itakataa kuchaji au itajipunguza kasi, nawe utadhani betri imekufa. Mwambie kabla hajaanza, "Kaka, na ule wa katikati uuunge." Akikushangaa, mshukuru na uchukue chaja yako.

Waya wa upande wa ukutani, wenye volti 230, hauungwi kwa tepu wala kwa risasi. Unabadilishwa mzima. Na boksi halifunguliwi. Najua wapo mafundi hodari wanaoweza kulipasua, kubadilisha kapasita na kuligundisha kwa gundi, na wakati mwingine likawaka. Shida yangu si ufundi wao. Ndani ya boksi kuna kapasita inayohifadhi umeme wa karibu volti 325, ambao unaweza kubaki kwa muda hata baada ya kuchomoa, na kati ya upande huo na upande unaoingia kwenye laptopu yako kuna nafasi iliyopimwa kwa milimita na vizuizi vya plastiki. Likishapasuliwa na kugundishwa, hakuna anayejua vizuizi hivyo vimerudi mahali pake, na anayeweka mapaja chini ya laptopu ni wewe.

Wenye laptopu za aluminiamu watakuwa na swali lao hapa: ule msisimko wa kuchomachoma ukipitisha kidole juu ya kifuniko wakati inachaji. Mara nyingi ni umeme kidogo sana unaovuja kupitia kifaa kilichowekwa makusudi ndani ya chaja kupunguza kelele za masafa ya redio, nao unatakiwa uishie kwenye waya wa ethi. Ukiuhisi, ethi haikufikii: plagi yako ina pini mbili, au tundu la tatu la soketi halina waya nyuma yake. Mwite fundi umeme apime. Ukiwa mkali wa kukufanya uondoe mkono kwa kushtuka, zima, na chaja hiyo usiirudie.

Dukani, usiridhike muuzaji akichomeka chaja ikawaka taa huku akikuambia, "Dada, hii ni og kabisa." Taa hiyo inawaka kwa umeme usiotosha kuchaji hata simu. Nenda na laptopu yako ikiwa na betri iliyoisha, uchaji pale pale kwa muda huku ukishika plagi na kichwa kinachoingia kwenye laptopu. Laptopu nyingi za Dell zinaonyesha wati za chaja ukiingia kwenye mipangilio ya BIOS kwa F2. Chaja isiyotambuliwa itasema yenyewe. Kisha itazame plagi. Kwenye plagi halali ya muundo wetu, pini mbili za chini zimefunikwa plastiki hadi karibu nusu, na pini ndefu ya juu ni chuma tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiona pini ya juu nayo imevalishwa plastiki, aliyeitengeneza hakujua anachonakili, kwa sababu plastiki hiyo inaweza kuizuia isiguse ethi. Plagi hiyo inatakiwa pia iwe na fyuzi ndani, ya ampea 3 au 5.

Zile chaja za wote, zenye kiswichi cha kuchagua volti kutoka 12 hadi 24 na pochi ya vichwa kumi, siziungi mkono. Mtoto akikisogeza kiswichi, au kikisogea chenyewe kwenye begi, laptopu ya volti 19 inapokea 24. Kama umebanwa, kiweke mahali pake ukigandishe kwa gundi kabla hujaichomeka.

Kwa wenye USB-C, chaja na laptopu hukubaliana zenyewe volti ngapi zipite, kwa hiyo hatari ya volti kuzidi ni ndogo, lakini waya nao una kikomo. Waya wa kawaida umeruhusiwa ampea 3, yaani wati 60. Kuvuka hapo kunahitaji waya wa ampea 5 wenye chipu yake ndani. Tundu la USB-C lina pini zilizosongamana, na vumbi la begi au tone la jasho huchemsha kichwa haraka. Safisha kwa kijiti kikavu cha mbao, laptopu ikiwa imezimwa.

Chaja mpya ikifika nyumbani, ipime jioni ya kwanza wakati risiti ingali mfukoni: boksi, plagi, kichwa. Ile ya zamani usiitupe kwenye droo ya meza, kwa sababu siku mpya itakaposahaulika ofisini kuna mtu nyumbani ataichimbua. Ikate kichwa ikiwa imechomolewa, ikate na waya karibu kabisa na plagi ili pasibaki kipande cha kuchomeka, kisha umpe fundi avune shaba.